Barua ya Wazi: Mkunga wa Tana Hana Mwenyewe

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Huduma za Uvuvi Kenya (KeFS)

Nakala: Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen, Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi (TARDA), idara za uvuvi za kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu

KUH: MIKUNGA WA MTO TANA NA MITO INAYOUJAZA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Najua mezani pako kuna mengi: Ziwa Viktoria na ugomvi wa kisiwa cha Migingo usiokwisha, meli za kigeni baharini, wafugaji wanaolia bei ya chakula cha samaki. Nakuandikia kutoka Nkubu, Imenti Kusini, kuhusu samaki asiyekuletea kelele yoyote, na huenda hiyo ndiyo bahati mbaya yake. Wengi wetu huku hatumli. Hana chama cha ushirika, hana mbunge, hana siku yake ya maonyesho. Ni mkunga wa mtoni. Yuko katika mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya kwenda Tana, na nchi inamsimamia kana kwamba hayupo.

Nimeiandika barua hii hadharani kwa sababu suala la mkunga halina mwenyewe. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti uvuvi. Maji ya mto yako chini ya WRA. Mabwawa yako mikononi mwa KenGen na TARDA. Bahari ya pwani anayopitia ni ya serikali kuu, na anakozaliwa na kufia ni mbali zaidi, nje ya maji ya Kenya. Kila mmoja wenu akiulizwa anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba si lake. Basi nawaandikia nyote kwa pamoja, nikianza nawe, Mkurugenzi, kwa sababu neno samaki liko kwenye mlango wa ofisi yako.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia. Mtaniwia radhi nikianzia ubaoni.

1. Mkunga huyu ni wa bahari, nasi tumejenga kwenye njia yake.

Wengi wakisikia mkunga humfikiria yule wa baharini, anayejibanza kwenye mapango ya miamba kule Lamu au Shimoni mchana kutwa na kutoka usiku kuwinda. Baadhi ya hao ni wa jamii ya konga, kama Conger cinereus wa miamba ya pwani yetu, na maisha yao yote ni ya maji ya chumvi. Wa huku kwetu ni binamu zao, wa jenasi ya Anguilla. Mito ya Afrika Mashariki inayoingia Bahari ya Hindi ina aina nne zinazojulikana: Anguilla mossambica, Anguilla bengalensis, Anguilla bicolor na Anguilla marmorata.

Hawa huzaliwa katika bahari kuu. Wataalamu wanaamini mazalia ya mossambica yako mashariki ya Madagaska. Mtoto wake ni bapa mithili ya jani, mwili wake unapitisha mwanga, na hubebwa na mikondo ya bahari kwa miezi. Akikaribia pwani hubadilika umbo na kuwa mwembamba kama uzi, bado ni angavu kiasi kwamba utauona uti wa mgongo ndani yake. Hapo huingia mlango wa Tana, upande wa Kipini, huanza kupata rangi, kisha hupanda. Hupita Garsen, Hola, Garissa, Kora, huingia Tharaka, na wachache wanaojaliwa hufika kwenye maji baridi ya vijito vya chini ya msitu wetu.

Wazee wa Kimeru wanasimulia kwamba watu wetu walitoka Mbwaa, kwenye maji ya pwani, wakiongozwa na Koomenjoe, wakapanda bara hadi mlimani. Mkunga huifanya safari hiyo kila kizazi, ila yeye hana ruhusa ya kuhamia moja kwa moja. Lazima arudi.

Akifika huku hukaa muda mrefu. Miaka kumi ni ya kawaida, wengine huzidi, wakila kaa wa mtoni, wadudu, vyura na samaki wadogo. Katika jamii hii kwa kawaida majike ndio hupanda mbali zaidi, kwa hiyo mkunga mnene wa mito ya mlimani ana uwezekano mkubwa wa kuwa jike. Mwili ukishaiva, macho hupanuka, tumbo hung'aa rangi ya fedha, utumbo husinyaa na haja ya chakula humtoka. Husubiri mvua kubwa na usiku wa giza, huingia kwenye maji ya mafuriko, huteremka hadi baharini na kuendelea mpaka alikozaliwa. Hutaga mara moja, mayai kwa mamilioni, kisha hufa. Baadhi ya konga wa baharini nao huaminika kuzaa mara moja tu maishani mwao.

Hili si jambo lililogunduliwa jana. Mdenmark Johannes Schmidt alianza kuwafuatilia watoto wa mkunga wa Ulaya mwaka 1904 na akawatafuta miaka mingi, hadi Bahari ya Sargasso. Hapa kwetu, mwaka 1955, Winifred Frost wa Uingereza alichapisha utafiti wake kuhusu mikunga wa Kenya, nchi ikiwa bado koloni. Tumekuwa na pa kuanzia kwa karibu miaka sabini.

2. Kanuni zenu za uvuvi hazimfai.

Naomba tukae na hili kidogo, kwa sababu ndilo kiini cha barua yangu.

Kanuni za uvuvi tulizozizoea zinasimama juu ya hoja moja: mwache samaki azae angalau mara moja, kisha mvue. Ndiyo maana mnapima matundu ya nyavu. Ndiyo maana mvuvi wa sangara Ziwa Viktoria anaambiwa asilete ufukweni wa chini ya sentimita 50, na asimguse wa zaidi ya 85 kwa kuwa huyo ni mzazi mkubwa. Kwa sangara na tilapia hesabu hiyo inakubali.

Kwa mkunga imepinduka. Mkunga yeyote utakayemkuta mtoni, awe wa urefu wa kalamu au wa mita moja, hajawahi kuzaa. Hakuna mkunga mzee mtoni aliyekwisha kutimiza wajibu wake na sasa ni halali ya kikaango. Yule mkubwa, ambaye kanuni ya kawaida ingemhesabu kuwa amekomaa na yuko tayari kuvuliwa, ndiye jike aliyebakiza mvua moja au mbili aondoke na mayai ya miaka kumi na mitano. Ukimkamata huyo umepoteza kila kitu ambacho mto ulikuwa umewekeza kwake.

Kwa hiyo kipimo cha maana kwa mkunga ni kimoja: wangapi wametoka salama kwenda baharini? Ulaya walilielewa hili wakiwa wamechelewa sana. Tangu miaka ya 1980 idadi ya watoto wa mkunga wanaofika pwani zao imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90, na aina hiyo sasa iko katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni inayozitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba angalau asilimia 40, kwa uzito, ya mikunga wa rangi ya fedha ambao wangeteremka kama mwanadamu hangeingilia wanafika baharini. Unaweza kubishana na namba hiyo, na wapo wanaoiona ndogo. Lakini angalia wanachopima. Wanapima wanaoondoka.

Sisi hatupimi wanaoingia, hatupimi wanaoondoka, na katika kila ripoti ya uvuvi wa kaunti zetu iliyonifikia mkononi sijamwona akitajwa kwa jina. Kama yumo, basi yumo ndani ya safu ya "wengineo".

3. Mabwawa matano, na la sita mlangoni.

Sina ugomvi na umeme. Taa ninayoandikia inatokana na maji yale yale. Ila tuyataje mambo kwa mpangilio wake: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Katika miaka ishirini tuliweka kuta tano kwenye mto mmoja, moja juu ya nyingine. La chini kabisa kati ya hayo ni Kiambere.

Mkunga mchanga ana kipaji ambacho samaki wengi hawana. Akiwa mdogo anaweza kupanda jiwe lililosimama wima mradi liwe na unyevu, akijishikiza kwa mwili wake wote, na usiku wa mvua hupita hata kwenye majani yaliyolowa. Ukuta mkavu wa bwawa, mrefu kuliko jengo lolote la Meru mjini, ni jambo jingine. Juu ya Kiambere iko mito ya Embu na Kirinyaga yote inayoingia mabwawani: Rupingazi, Thiba, Nyamindi, hadi Sagana yenyewe. Na kwa yule aliyewahi kupenya akakulia huko juu, kushuka ni kubaya zaidi kuliko kupanda. Maji yanamvuta kwenye mitambo ya umeme. Samaki mfupi anaweza kupita katikati ya mapanga ya turbini akaokoka. Mkunga jike ana mwili wa mita nzima. Mapanga yanampata mahali.

Sasa nifike kwetu. Mutonga, Kathita na Thingithu ni mito ya upande wa mashariki wa mlima, na maji yake huingia Tana chini ya Kiambere. Kwa maneno mengine, kwa mkunga aliyetoka Kipini, upande wa Meru na Tharaka ndio mlango wa Mlima Kenya ambao bado haujafungwa na bwawa kubwa. Ndiyo sababu barua hii inatoka Nkubu.

Na ndiyo sababu nataka kujua habari za High Grand Falls. Bwawa hilo limekuwa katika mipango ya serikali kwa miaka mingi, likatiwa katika Ruwaza ya 2030 na kuhusishwa na mradi wa ushoroba wa LAPSSET. Mahali palipokusudiwa ni chini ya makutano ya Mutonga na Tana. Likijengwa bila njia ya mkunga, mlango uliobaki utafungwa, na hatutakuwa na sehemu nyingine ya mlima ya kujitetea nayo. Tumesikia mengi juu ya megawati, ekari za umwagiliaji na fidia ya ardhi. Hayo ni halali kuulizwa. Naomba na hili liulizwe sasa, wakati ukuta ungali kwenye karatasi, kwa sababu kuchora njia ya mkunga kwenye ramani ni kazi ya kalamu, ilhali kuitoboa kwenye zege lililokauka ni kazi ya mabilioni.

Njia zenyewe zipo na si za ajabu. Uingereza na Wales zilitunga kanuni mwaka 2009 zinazoipa serikali uwezo wa kumlazimisha mwenye bwawa au banio kuweka kipito cha mkunga na wavu wa kumzuia asinyonywe na mitambo. Kipito chenyewe kwa mkunga mchanga ni mfereji wa mteremko wenye brashi ngumu au vinundu chini, na maji machache yanayotiririka juu yake. Hahitaji ngazi ya samaki ya gharama kama wanayojengewa samoni. New Zealand, ambako mkunga ni chakula cha heshima kwa Wamaori, huwatega wachanga chini ya bwawa na kuwapandisha kwa gari hadi juu ya ukuta. Gari, ndoo na mtu mwenye mshahara. KenGen haiwezi kushindwa na hayo.

4. Mabanio yetu vijijini.

Nisije nikaonekana nawarushia mawe wakubwa peke yao. Kati ya msitu na Tharaka kila mto wetu una mabanio, au inteki kama tunavyoziita huku: za miradi ya maji ya vijiji, za umwagiliaji, za mitambo midogo ya umeme. Mradi wa Mitunguu unaotumia maji ya Thingithu umewalisha watu wengi na ndizi zake zinafika Nairobi, sitaki ufungwe. Ninachosema ni kwamba banio la mita moja au mbili, likiwa na ukuta laini ulionyooka na maji yote yakiingia kwenye bomba, linatosha kumsimamisha mkunga sawasawa na Kiambere.

Tena wakati wa kiangazi hali huwa mbaya zaidi. Mwezi Februari kuna sehemu ambapo chini ya banio hubaki vidimbwi tu kati ya mawe, na juu yake mabomba yanaendelea kunyonya, yenye kibali na yasiyo nacho. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba: maji ambayo lazima yabaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto. Akiba hiyo haigawiwi mtu kwa kibali. Ndugu zetu wa WRA, andikeni vibali vinavyoitaja kwa lita, na mje Februari mpime.

Kuhusu maji machafu ya viwanda vya kahawa msimu wa kukoboa, nitasema tu kwamba harufu hutangulia ripoti.

5. Tunamuua kwa kumdhania nyoka.

Msimu mmoja wa mvua nilikuta vijana kando ya mto wamemkata mkunga kwa panga. Walikuwa wanajipongeza kwa kuua nyoka wa maji. Niliwaomba wanipe, nikampeleka maabara ya shule. Ungemwona tu kwa makini, shaka ingekwisha: nyuma ya kichwa, tundu dogo la matamvua kila upande, na nyuma tu ya matundu hayo mapezi mawili madogo ya mviringo. Pezi la mgongoni lilianzia karibu na katikati ya mwili, likaenda hadi mkiani, likazunguka na kurudi tumboni bila kukatika. Ngozi ilikuwa na ute uliobaki vidoleni hata baada ya sabuni. Tulipompasua, tumboni mlikuwa na vipande vya miguu ya kaa, na kando ya uti wa mgongo utepe mweupe wenye mikunjo mikunjo: ovari, mayai yakiwa bado machanga. Jike. Wanafunzi walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza bahari iko umbali gani.

Vijana wale siwalaumu. Hakuna aliyewafundisha. Wala si kweli kwamba Wameru hatuwezi kufundishika habari za samaki. Kizazi kimoja nyuma, wengi wetu tulikuwa hatumgusi samaki wa aina yoyote. Kisha ukaja mpango wa serikali wa kufufua uchumi mwaka 2009, vidimbwi vikachimbwa kila mahali, Kanyakine hapa jirani ikapata kiwanda kidogo cha kusindika samaki, na leo tilapia anakaangwa mezani kwa watu ambao nyanya zao wangekimbia. Serikali ilipoamua tule samaki, ilipata pesa, maafisa, vifaranga na vipindi vya redio. Kwa mkunga haijawahi kupata hata bango moja.

Hata trauti, mgeni, ametunzwa vizuri kuliko yeye. Mayai yake yaliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan yakatiwa Mto Gura ili Wazungu wapate pa kuburudikia na ndoana. Trauti akapewa leseni, kituo cha kutotolesha pale Kiganjo na walinzi wa mto. Mwenyeji wa Tana hajapewa chochote. Hili, Mkurugenzi, linaniudhi kuliko mabwawa. Mabwawa yana sababu.

6. Wanunuzi watakuja.

Msidhani kwamba kwa kuwa hatumli, basi hana soko. Mkunga ni mlo wa bei Japani na kote Asia Mashariki. Hadi leo wafugaji wa mkunga wanategemea watoto waliokamatwa baharini na kwenye milango ya mito, kwa sababu kumzalisha kizimbani kibiashara bado hakujafaulu. Mkunga wa Ulaya alipoingizwa katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Umoja wa Ulaya ukafunga milango ya kumuuza nje kuanzia 2010, biashara haikufa. Ilihamia kwa aina nyingine na pwani nyingine, na Madagaska tayari imefikiwa.

Mlango wa Tana uko wazi. Mtu mwenye wavu wa matundu madogo, taa na tangi la hewa anaweza kukaa Kipini msimu mmoja akachota watoto ambao wangejaza mito ya kaunti tatu. Atakuwa anavunja kanuni gani mahususi ya mkunga? Nijibuni hili hadharani kama nilivyowauliza.

Ninaomba, basi, haya yafuatayo.

(a) KeFS itoe mpango wa usimamizi wa mkunga kwa bonde zima la Tana, kutoka Kipini hadi vijito vya mlima. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inaruhusu mipango ya aina hiyo, na Katiba, kifungu cha 69, inawadai kulinda viumbe hai na kutushirikisha wananchi katika kazi hiyo. Kaunti ya Meru haiwezi kumsimamia samaki anayepita kaunti nyingine kadhaa kabla ya kuifikia. Mpango huo useme wazi lengo la wanaoteremka, hata kama mwanzoni ni la makadirio.

(b) Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ambayo ina wataalamu Sagana na Mombasa, ipewe fedha za kuweka mitego ya kuhesabu watoto wanaoingia Kipini na wakubwa wanaoshuka Mutonga, Kathita na Thingithu, kila mwaka na kwa njia ile ile. Shule zetu ziko tayari kusaidia kuhesabu. Hatutaki posho, leteni mitego na fomu.

(c) Pasiwe na hatua yoyote zaidi ya High Grand Falls hadi tathmini ya mazingira iwe na sura nzima juu ya mkunga: apandaje, ashukaje, turbini zifungwe usiku gani wa mafuriko, na nani atalipa mtu wa gari na ndoo. Sura hiyo isomwe kwetu kwa lugha tunayoielewa, Nkubu na Tharaka, kabla ya kutiwa sahihi.

(d) KenGen na TARDA waanze na Kiambere. Wawatege wachanga chini ya ukuta, wawapandishe, watangaze idadi. Wakikuta hakuna hata mmoja chini ya ukuta, watangaze hilo pia.

(e) WRA isitoe wala kuhuisha kibali cha banio lolote kwenye mito hii mitatu bila mteremko wa mkunga na wavu kwenye mdomo wa bomba. Gharama ya mteremko wa zege kwa banio dogo ni mifuko ya saruji na siku chache za fundi. Jumuiya za watumiaji maji zitaujenga wenyewe mkizipa mchoro.

(f) Kuvua, kushika au kusafirisha watoto wa mkunga kupigwe marufuku sasa hivi, kabla mnunuzi wa kwanza hajafika. Na mkunga aliyekwisha kugeuka rangi ya fedha asivuliwe popote, mtoni wala kwenye mlango wa bahari.

Kwa kaunti zangu tatu nina ombi dogo: mchapishe picha ya mkunga kando ya picha ya nyoka, mzibandike sokoni, kwenye ofisi za machifu na kwenye mabanio. Nkubu siku ya soko watu watazisoma, nawahakikishieni.

Kuna atakayesema mkunga haleti hela, kwa nini tujisumbue. Nitamjibu kwa hesabu ya mto. Mkunga ndiye mwindaji mkubwa wa usiku katika vijito vingi ambavyo havina samaki mwingine wa ukubwa wake. Akitoweka, hatutajua kilichobadilika hadi baada ya miaka, kwa sababu anaishi muda mrefu: wakubwa wataendelea kuonekana mara moja moja, tutasema bado wapo, huku nyuma yao hakuna mtoto aliyepanda kwa miaka kumi. Pengine hali hiyo tayari imetufikia. Ndiyo maana nimeomba wahesabiwe watoto kwanza.

Mkurugenzi, mvua za masika huanza Machi. Nakuomba umtume afisa mmoja Nkubu kabla ya hapo, mwenye viatu vya kuingilia majini na daftari. Nitamwonyesha banio la kuanzia.

Wako kwa heshima,

Mwalimu wa Baiolojia,
Nkubu, Imenti Kusini, Meru